AC ya gari ya zamani haitoi baridi? Usikimbilie kujaza gesi

Wacha nianze na pesa yangu iliyopotea ndio uelewe kwa nini naandika hii kitu na hasira kidogo. Gari yangu ni Toyota 110 ya mwaka 98, ile watu wanaiita wan-ten, nimekaa nayo miaka kadhaa na kwa muda mrefu hiyo AC nilikuwa naiona kama pambo la dashibodi tu, juu Nairobi hii ukifungua dirisha asubuhi unapata baridi ya bure. Shida ilikuja Desemba, safari ya kupeleka mama Mombasa. Tulipofika Emali jua likaanza kutuonyesha kazi, nikabonyeza kile kitufe, taa ikawaka, feni ikavuma vizuri kabisa, na hewa iliyotoka ilikuwa kama mtu amenipumulia usoni akitoka kula. Mama akaniuliza, "Hii ndio AC?" Sikujibu. Tulishusha vioo mpaka Mombasa, lori zikitupikia moshi njia nzima.

Januari nikaenda kwa fundi. Hata boneti hajafungua vizuri, ameshasema, "Imeisha gesi mkubwa, leta elfu tatu." Nikaleta. Ikawa baridi kama Limuru mwezi wa saba, nikafurahi, baada ya wiki tatu hewa ikarudi ile ya Emali. Nikarudi, akajaza tena. Mara ya tatu nikabadilisha fundi, naye huyo akajaza. Elfu tisa hizo zilienda hewani, na hapo simaanishi kwa mafumbo, zilienda hewani kweli, na hakuna hata mmoja wao aliyeuliza swali moja dogo: ile gesi ya mwanzo ilienda wapi?

Gesi ya AC si petroli. Haichomwi, hailiwi, inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikitoka kwa kompresa (pampu yake) inarudi kwa kompresa. Kama imepungua ina maana kuna mahali imetokea. Sawa, gari ya miaka 25 ikipoteza kidogo kidogo kwa mipira na kwa sili ya kompresa hiyo ni kawaida, na kama mara ya mwisho ulijaza miaka mitano iliyopita basi jaza tu hakuna dhambi. Lakini ikiisha kwa wiki tatu, hiyo ni tundu, na tundu halizibwi kwa kuongeza gesi.

Inavyofanya kazi ni rahisi kuliko inavyoonekana. Unajua ile spiriti wanakupaka mkononi kabla ya sindano, unasikia baridi? Ni kwa sababu inageuka mvuke na ikigeuka inabeba joto la ngozi yako. Gesi ya R134a, ambayo ndio iko kwa gari nyingi zilizotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 90, inachemka kwa digrii 26 chini ya sufuri, kwa hivyo ikipata nafasi tu inageuka mvuke na kubeba joto. Kompresa inaikandamiza inakuwa moto, inapita kwa kondensa (ile kitu kama rejeta nyembamba iko mbele ya rejeta yenyewe) inapoa na kuwa majimaji (gesi yenyewe, si maji ya bomba), inapita kwa draya (kopo dogo la kunyonya unyevu) inakaushwa, halafu inapenyezwa kwa tundu dogo la ekspansheni valvu ndani ya evaporeta iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Hapo ndio inageuka mvuke na feni inakupulizia ile baridi. Ukishika hiyo njia kichwani, nusu ya kazi ya fundi umeshaifanya.

Sasa twende kwa gari. Na kabla ya kutoa hata shilingi, anza na vitu vya bure.

Washa injini, weka feni ya ndani namba ya juu (AC nyingi haziwaki kama feni ya ndani imezimwa, na kuna watu wamelipa fundi kwa hii), peleka kile cha joto mpaka mwisho wa baridi, bonyeza AC. Shuka ufungue boneti. Kama umevaa leso, tai ama hudi yenye kamba, toa ama funga vizuri, feni ya rejeta inaweza kuanza ghafla bila kukuuliza na mkanda wa injini hauchagui kati ya kitambaa na kidole. Mwambie mtu akae ndani azime na kuwasha AC mara kadhaa huku wewe unasikiliza. Unatafuta sauti moja, "tak!", na injini kulegea kidogo halafu kujikaza. Ukiangalia kompresa kwa mbele utaona puli inazunguka muda wote na mkanda, lakini ile sahani ya katikati inasimama AC ikiwa imezimwa na inazunguka ikiwashwa. Hiyo ndio klachi ya kompresa imeshika.

Kuanzia hapo njia zinagawanyika.

Klachi haishiki kabisa, hakuna tak

Anza na fyuzi, iko ama kwa sanduku la chini ya boneti ama chini ya usukani, ukifungua kifuniko kuna mchoro. Ikiwa imeungua weka ya ampea zile zile, ile tabia ya kufunga karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara wachana nayo kabisa juu gari huungua hivyo. Halafu relei, ile swichi ndogo ya umeme ya kuchomeka. Kwa Toyota nyingi relei ya honi inafanana na ya AC, soma namba zilizoandikwa juu, zikiwa sawa zibadilishane nafasi, AC ikishika na honi ikinyamaza umepata mwizi.

Hizo zote zikiwa sawa, sasa gesi inaweza kuwa ndio sababu. Kuna swichi ya presha, kidude chenye waya kimekaa kwa bomba ama juu ya draya, na kazi yake ni kukataa klachi isishike kama gesi ni kidogo sana. Haijaharibika, inalinda kompresa, juu ile oili ya kompresa inasafiri pamoja na gesi na bila gesi kompresa inazunguka kavu. Kwa hivyo fundi akikuambia "wacha nikuwekee dairekti" akimaanisha ataunganisha waya wa hiyo swichi klachi ishike tu kwa lazima, mwambie asante na ufunge boneti. Kompresa ikijila, vyuma vidogo vidogo vinasambaa mpaka kwa kondensa na valvu, na sasa si elfu tatu tena unaongelea.

Gari nyingi za zamani zina msaada mmoja ambao za siku hizi hazina: kioo kidogo juu ya draya ama kwa bomba lake, kama jicho la samaki. Kipanguze na kitambaa, klachi ikiwa imeshika angalia ndani. Ukiona povu linapita pita kama la sabuni, gesi imepungua. Ukiona kioo ni safi kabisa bila povu, ama imejaa vizuri ama hakuna kitu kabisa ndani, na tofauti ya hizo mbili utaisikia kwa mkono, naeleza hapo chini.

Kuna ugonjwa mwingine hapa ambao unachanganya watu vibaya. Asubuhi AC inashika poa, unatoka Umoja vizuri, ukifika Jogoo Road gari imepata joto klachi inaachia na hairudi mpaka gari ipoe. Watu wanajaza gesi, wanabadilisha relei, wapi. Mara nyingi hiyo ni gepu la klachi limekuwa kubwa juu ya kulika, sumaku ikipata moto inakuwa dhaifu na haiwezi tena kuvuta ile sahani. Zima injini kabisa, toa ufunguo, jaribu kupenyeza kadi ya benki kati ya sahani na puli. Kadi ina unene wa karibu milimita 0.76, na gepu la gari nyingi linatakiwa kuwa kitu kama 0.3 hadi 0.6, kwa hivyo kadi ikiingia bila kubembelezwa gepu limezidi. Dawa yake ni kufungua nati ya katikati na kupunguza washa moja nyembamba (kile kipete cha chuma) iliyo nyuma ya sahani halafu kupima tena na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia gepu. Nusu saa, na hakuna mtu ameshika gesi.

Klachi inashika lakini ndani hakuna baridi

Hapa tumia mkono. AC ikiwa imewaka dakika tano hivi, tafuta mabomba mawili ya alumini yanayoingia ukuta wa dashibodi kutoka kwa injini. Moja nene, moja nyembamba. Yaguse haraka haraka, usikumbatie, na chunga ekzosi. Ile nene inafaa iwe baridi na inatoa jasho kama soda imetoka kwa friji, ile nyembamba iwe na joto. Hiyo ndio AC nzima. Zote zikiwa na joto la kawaida tu hakuna tofauti, gesi ni kidogo ama haipo, ama kompresa inazunguka lakini haisukumi.

Sasa hii ndio watu wengi hawaijui: kama bomba nene lina jasho na baridi kabisa lakini ndani ya gari unapata hewa ya uvuguvugu, AC yako ni nzima! Shida iko ndani. Kuna kilango kinachochanganya hewa ya AC na hewa ya hita, na kwa gari nyingi za zamani kinavutwa na kebo ambayo huchomoka ama kukwama, pia kuna valvu ya maji moto ya hita ambayo nayo ikikwama wazi unakuwa unapasha na kupoza chumba kimoja. Peleka kile cha joto huku na huku usikilize kama kuna kitu kinagonga nyuma ya dashibodi. Jirani yangu wa ploti, ana Nissan B15, alikuwa ameambiwa anunue kompresa. Tulilala chini ya dashibodi Jumapili mchana tukapata kebo imetoka kwa klipu. Tuliirudisha na koleo.

Kama hewa yenyewe ndio haitoki kwa nguvu, hiyo ni kitu kingine. Feni ikifanya kazi namba ya mwisho peke yake, na 1 mpaka 3 zimekufa, ni rezista ya feni, iko karibu na feni yenyewe upande wa abiria chini ya droo, skurubu mbili tu. Na ikiwa feni inavuma kwa kelele lakini upepo ni wa kuhurumia, fungua uone filta ya kabini kama gari yako inayo. Nyingi za zamani hazina, na hapo ndio majani yanaingia mpaka ndani. Mimi naegesha chini ya mjakaranda kazini, na ule mwezi wa Oktoba maua yanapoanguka boneti yote inakuwa zambarau, unapiga picha nzuri, halafu hayo maua yanapenya kwa ile neti ya chini ya waipa. Nilitoa karibu nusu mfuko wa maua makavu kwa feni yangu, mengine yameshaoza yamekuwa kama majani ya chai.

Barabara wazi ni baridi, jam ni joto

Hii ni rahisi kabisa. Ukikimbia Thika Road upepo wa barabara unapoza kondensa, ukisimama mbele ya Globe kazi hiyo inabaki ya feni, na feni imekufa. AC ikiwashwa, feni ya kondensa inafaa ianze karibu papo hapo kwa gari nyingi. Isipoanza angalia fyuzi yake, relei yake, halafu mota yenyewe. Njia ya kuhakikisha: gari ikiwa imesimama na AC inatoa joto, mwagia kondensa maji ya kawaida ya bomba pole pole kupitia grili. Baridi ikirudi ndani ya dakika moja basi kondensa haikuwa inapozwa. Na kama feni inazunguka vizuri, kondensa imejaa matope na wadudu, ioshe na maji ya presha ndogo. Wale vijana wa kuosha magari wakikuelekezea ile mashine yao kwa karibu, yale mapezi madogo ya alumini yanalala yote na umeziba njia ya hewa kwa pesa yako mwenyewe.

Inaanza baridi halafu inakufa baada ya dakika ishirini

Kama upepo nao unapungua, evaporeta inaganda barafu. Zima AC, acha feni peke yake dakika kumi, upepo ukirudi na pengine maji mengi yakatiririka chini ya gari, ndio hiyo. Angalia kihisi cha joto cha evaporeta, ama gesi kidogo, ama uchafu. Lakini kama upepo uko sawa na baridi ndio inaenda na kurudi, kuna uwezekano maji yameingia kwa mfumo na yanaganda kwa tundu la ekspansheni valvu. Maji yanaingia vipi? Fundi aliyefungua bomba akaliacha wazi usiku mzima, ama aliyejaza bila kuvuta hewa kwanza.

Kutafuta tundu

Narudi kwa gari yangu. Mwezi wa nne nikaamua sijazi tena kitu. Nikachukua tochi ya simu na kitambaa cheupe nikafuata bomba kutoka kwa kompresa, kwa ile njia niliyokueleza, kila kiungo nikipangusa na kuangalia. Unatafuta oili, juu gesi ikitoka inatoka na oili kidogo na hiyo oili inashika vumbi, kwa hivyo tundu linajitangaza lenyewe kama doa jeusi lenye vumbi mahali ambapo pengine pote ni pakavu. Angalia viungo, angalia mbele ya kompresa kwa klachi, na usisahau zile nozeli mbili za kujazia gesi, ndani zina valvu kama ya tairi na mara nyingi ndio zinavuja. Toa kifuniko, weka mate ama maji ya sabuni, ukiona povu linapanda ni hapo. Kavalvu hako ni pesa ndogo sana, na kifuniko chenyewe pia ni sili, ukikipoteza nunua kingine.

Kama bado kuna gesi, changanya sabuni ya vyombo na maji, paka kila kiungo na brashi, subiri. Tundu dogo linahitaji subira, povu lake si la kububujika, ni kama kifuko kidogo cheupe kinakua pole pole. Mafundi wenye vifaa wanaweka rangi inayong'aa kwa taa ya buluu, ama wanajaza naitrojeni na kupima kama geji inashuka. Naitrojeni ni sawa. Oksijeni ya kuchomea vyuma ni hapana, ikikutana na oili kwa presha inalipuka, na kompresa ya tairi nayo inakuingizia maji ndani.

Langu nililipata kwa kondensa, upande wa chini kushoto, nyuma ya grili. Mwenye gari kabla yangu alipenda sifa, alikuwa amefunga honi ya ziada, ile kubwa ya kutisha boda boda, na bati lake la kushikilia lilikuwa linagusa kondensa. Miaka yote hiyo gari ikitetemeka lile bati linasugua, linasugua, mpaka likatoboa tundu la kichwa cha sindano. Doa la oili lilikuwa kama shilingi moja. Mafundi wawili, elfu tisa, na tundu liko mahali ukichuchumaa mbele ya gari unaliona.

Kununua na kufunga

Kondensa niliinunua eks-Japani pale Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan. Beba ya zamani mkononi, usiende na jina la gari peke yake, juu mabomba yanatofautiana hata kwa gari zinazofanana. Chagua iliyozibwa mdomo, kama imekaa wazi kwa rafu imekula vumbi. Lakini draya nunua mpya, hapo usihurumie pesa. Kazi yake ni kunyonya maji, na ya mitumba iliyokaa wazi imeshanyonya hewa ya Japani na ya Grogan, imeshiba. Vile viringi vya mpira vya kwenye viungo weka vipya vya AC, vingi huwa vya kijani, si vile vyeusi vya bomba la maji. Na mwambie fundi amwage oili iliyobaki kwa kondensa ya zamani ndani ya kikombe aone ni kiasi gani, arudishe kiasi hicho cha oili mpya ya aina sahihi.

Kabla ya kujaza lazima avute hewa yote na pampu ya vakyumu, dakika 30 hadi 45, halafu afunge geji asubiri kama nusu saa aone kama sindano inarudi. Hapa kuna jambo linachekesha. Video zote za mtandaoni zinakuambia geji ifike inchi 29 ama karibu 30 (inchi za zebaki, ndio kipimo cha vakyumu). Tulivuta, tukavuta, geji ikakwama 24. Fundi akalaumu geji yake, mimi nikaona kuna tundu lingine, tukafungua viungo tukafunga upya, 24. Kumbe ni Nairobi yenyewe! Tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, uzito wa hewa hapa ni mdogo, na geji inapima tofauti na hewa iliyo nje, kwa hivyo huku juu inchi 24 na kidogo ndio mwisho wa safari. Hiyo 29 utaipata Mombasa. Cha muhimu ni ikifika hapo ikae pale pale bila kurudi.

Gesi inapimwa kwa mizani, kwa gramu. Angalia chini ya boneti ama karibu na rejeta kuna stika, yetu za kutoka Japani imeandikwa kijapani lakini "HFC134a" na namba zenye "g" utazisoma. Gari ndogo nyingi huwa kati ya gramu 400 na 600. Fundi anayejaza "mpaka iwe baridi" anakisia, na gesi ikizidi ni mbaya kama ikipungua, presha inapanda mpaka swichi inakata. Geji pia haikuambii kiasi kilichomo injini ikiwa imezimwa. Asubuhi ya digrii 20 hapa Nairobi itasoma karibu psi 70, na itasoma hivyo hivyo kukiwa na gramu 200 ama 500 ndani, mradi kuna maji ya gesi yamebaki. Injini ikiwaka ndio unasoma vizuri, upande wa presha ya chini kitu kama psi 25 mpaka 45, upande wa presha ya juu 150 mpaka 250 kulingana na jua la siku hiyo.

Ukijaza mwenyewe na kopo, ni upande wa presha ya chini peke yake, ile bomba nene, kopo limesimama wima. Upande wa juu injini ikiwaka presha inarudi kwa kopo na kopo linapasuka mkononi. Vaa miwani na glovu, ile gesi ikiruka kwa jicho inagandisha. Na usiende karibu na mtu anayekuambia gesi ya kupikia pia inafanya kazi. Inapoza kweli, halafu siku bomba likipasuka evaporeta iko ndani ya gari pamoja na wewe na njiti ya kiberiti.

Kama gari yako ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 90 na nozeli zake ni za kukaza kwa kuzungusha kama nati, ilitoka na R12, ile iliyowekwa marufuku kwa mkataba wa Montreal wa 1987 juu ya kuharibu ozoni. Usiweke R134a juu yake hivi hivi, inataka kuoshwa, oili nyingine, draya na viringi. R134a yenyewe haigusi ozoni, lakini kilo moja ikitoka nje inapasha dunia joto kama kilo 1,430 za kaboni dioksidi, kwa hivyo fundi anayefungua nati na kuachilia "psssss" hewani anafanya madhara, na ukimpata mwenye mashine ya kuivuta na kuihifadhi mpe kazi.

Kupima kazi yake usitumie shavu. Kipimajoto cha jikoni, kiingize kwa tundu la katikati la hewa, vioo juu, hewa ya ndani ikizunguka (kile kitufe chenye mshale wa kujipinda), subiri dakika kumi. Yangu ilifika 7. Kati ya 4 na 10 uko sawa.

Baada ya hapo ni kuitunza tu. Iwashe dakika kumi kila wiki, hata mwezi wa saba wenye baridi, oili izunguke na sili zisikauke, na wakati wa mvua ya Aprili vioo vikiingia ukungu ndani AC inaufuta haraka juu inakausha hewa. Ikinuka soksi, zima AC dakika chache kabla ya kufika nyumbani uache feni ikaushe evaporeta. Ukikuta maji kwa kapeti ya abiria si lazima iwe rejeta, ni kale kamrija ka kutoa maji ya evaporeta kameziba, lala chini ya gari ukapenyeze waya laini, na kwangu ilikuwa, nadhani umeshajua, maua ya mjakaranda.

Desemba iliyofuata tulipita Emali na vioo juu. Mama akajifunga leso mabegani, akasema hii gari yako siku hizi ina baridi, si upunguze. Ile honi niliitoa, iko kwa buti mpaka leo, bado inalia.